Vita Vilivyokwisha Wakati wa Chakula cha Mchana

Nchi yetu ina jina, lakini siruhusiwi kulitaja, kwa sababu jina hilo liko kwenye kamati ya marekebisho tangu mwaka juzi na kamati haijawahi kutimiza akidi. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina Rais, na haina vita. Kilichoko kaskazini, katika wilaya ya Kihuro, kinaitwa Zoezi la Utulivu, na huu ni mwaka wake wa kumi na moja. Wanaolipinga zoezi hilo kwa bunduki wanaitwa wakorofi wa muda. Mimi ni karani wa masijala katika Wizara ya Utulivu, jina langu Sikudhani Mpelwa, na mafaili ya hao wakorofi wa muda yamejaza vyumba vitatu. Nimechoka kuyapangusa vumbi.

Na Kihuro ndiko kwetu. Kitongoji chetu ni Ilundwe. Mama yangu alikikimbia mwaka wa nne wa zoezi, mkono mmoja sufuria, mkono wa pili kichwa cha cherehani, akaishia kambi ya Changarawe, kwenye hema alilopangiwa kwa wiki mbili. Sasa ni mwaka wa saba. Kila Jumapili hunipigia simu na kuniuliza swali moja tu, kwamba Ilundwe pamepoa? Ananiuliza mimi kwa sababu nafanya kazi Wizara ya Utulivu, na mtu wa wizara si atakuwa anajua. Humjibu bado, mama, naye husema haya mwanangu, kisha tunazungumza bei ya maharage.

*

Mwaka jana Wizara iliagiza gemu ya kompyuta kutoka nje. Waziri wetu, Mheshimiwa Jenerali Mstaafu Gaudensi Malulu, aliizindua kwa kukata utepe uliofungwa kwenye kompyuta yenyewe.

"Ndugu makamanda," alisema, "adui amekuwa akitusumbua porini kwa sababu porini kuna miiba. Leo tumemleta mezani. Mezani hakuna miiba. Tutaona sasa!"

Tulipiga makofi kwa dakika zilizoandikwa kwenye ratiba.

Gemu yenyewe ilikuwa na ramani ya Kihuro, vitongoji vyake vyote thelathini. Kitongoji chekundu ni cha wakorofi, cha njano hakijulikani kikoje, cha kijani kimetulia. Mchezaji anapewa askari, ndege, visima, zahanati na barabara, halafu kuna kipimo kidogo pembeni kilichoandikwa Imani ya Wananchi. Kipimo kikishuka hadi sifuri umeshindwa. Vitongoji vyote vikiwa kijani, tarumbeta inalia. Makamanda wetu hawakukijali kile kipimo, walidhani ni cha betri.

Mheshimiwa alicheza wa kwanza. Askari wote aliwapanga kuzunguka makao makuu yake mwenyewe, safu tatu, halafu akatuma ndege zikapige soko la Jumatano, kwa maelezo kwamba hapo ndipo watu walipojaa. Baada ya dakika tisa kioo kiliandika UMESHINDWA. Wizara ilimwandikia barua kali yule mtaalamu aliyetengeneza gemu, naye akabadilisha maneno yakawa UMEJARIBU, AFANDE.

Sasa, jeshini kwetu kuna desturi. Mdogo hatangulii mkubwa kula, hatangulii kukaa, wala hafanyi vizuri kuliko yeye. Mkubwa akiwa ameanguka dakika ya tisa, wa chini yake atasimamaje hadi ya kumi? Kwa hiyo meja jenerali alishindwa kwa dakika nane, brigedia kwa saba, kanali kwa sita, na hivyo hivyo kushuka. Ilipofika zamu ya makoplo, wengine walikuwa wanashindwa ndani ya sekunde ishirini, tena kwa jasho, maana kushindwa upesi kiasi kile kunahitaji akili. Koplo mmoja hodari alisalimu amri kompyuta ikiwa ndiyo kwanza inawashwa. Yule mtaalamu aliandika taarifa kwamba uwezo wa jeshi letu unapungua kadiri cheo kinavyoshuka, akashauri mstari wa mbele wapelekwe majenerali peke yao. Taarifa ilipokelewa kwa furaha kubwa na kuwekwa masijala, chumba cha tatu, rafu ya juu kabisa.

*

Siku moja saa saba mchana nilimpelekea Mheshimiwa mafaili ya kusaini, nikamkuta ameinamia kompyuta, anakaribia kushindwa kwa mara ya nne tangu asubuhi.

"Bi. Sikudhani, njoo ukae hapa," akasema akiinuka. "Nakwenda kula. Anza upya kwa jina langu, ulinde kiti. Wakorofi wakija, bonyeza hiki kitufe cha ndege."

"Nisipobonyeza, Mheshimiwa?"

"Bonyeza tu, mama. Usianze kufikiri."

Chakula cha mchana cha Mheshimiwa huchukua saa mbili na nusu. Nilikaa. Nikaitazama ramani, nikaiona Ilundwe kule juu kaskazini, nyekundu, na kijumba kimoja kimechorwa pale karibu kabisa na ilipokuwa nyumba yetu. Nilishikwa na hasira ambayo sikujua nilikuwa nayo. Kile kitufe cha ndege sikukigusa.

Nilianzia kusini kulikokuwa na unafuu, nikachimba kisima. Kisha kingine. Askari waliokuwa wamelala shuleni niliwatoa, nikawapeleka kusimama kwenye barabara ya sokoni siku za soko, ili mtu akienda kuuza kuku wake arudi na hela au arudi na kuku. Wakorofi walipokimbilia milimani sikuwafuata. Niliacha njia moja wazi ya kushukia, na kila aliyeshuka kwa hiari nilimpa jembe. Halafu ikaja sehemu ngumu kuliko zote, kusubiri. Mchezaji anatamani kubonyeza kitu, chochote. Mimi nina miaka ishirini na mitatu masijala, kusubiri ndiyo kazi yangu. Kile kipimo cha Imani ya Wananchi kikaanza kupanda taratibu, na vitongoji vikawa vinageuka rangi kimoja kimoja, kila kimoja kikimvuta jirani yake. Cha mwisho kilikuwa Ilundwe. Kilipokuwa kijani nililia, sioni haya kusema, mtu mzima mimi na miwani yangu.

Tarumbeta ikalia. Ofisi nzima ilikuja mbio, wakafika makamanda, akafika Katibu Mkuu wetu, Bwana Tumsifu Ngereza, na mwisho akafika Mheshimiwa, leso bado iko shingoni. Kioo kiliandika kwa herufi kubwa: JENERALI MALULU AMESHINDA.

Mheshimiwa aliisoma mara mbili.

"Nilijua tu," akasema.

Bwana Ngereza alipiga saluti ingawa ni raia. Mimi niliokota mafaili yangu. Baadaye Mheshimiwa aliniita faragha, akanishukuru kwa kulinda kiti, akaniagiza nimwandikie kwenye karatasi jinsi alivyoshinda.

*

Niliandika kwa moyo wangu wote. Ndiyo, niliamini. Niliwaza kwamba hatimaye kuna karatasi yenye akili itakayosainiwa na mtu mwenye madaraka. Niliandika kisima kwanza. Niliandika askari watoke shuleni. Niliandika msiwafuate milimani, acheni njia ya kushukia, na muwe na subira. Ukurasa mmoja na nusu.

Kamati ya wahariri iliufanyia kazi kwa wiki tatu. "Chimbeni kisima" ikawa "uanzishwaji wa miundombinu shirikishi ya majimaji yenye mwelekeo wa kiusalama." "Muwe na subira" ilifutwa kwa kuwa haikuwa na kifungu cha bajeti. Kitabu kilitoka na picha ya Mheshimiwa akiwa ameelekeza kidole kwenye kioo. Kurasa mia na arobaini.

Lakini kilichotuua si kitabu, ni ramani. Siku ile ya tarumbeta Bwana Ngereza aliamuru ile ramani ya kijani ichapishwe, nayo ikapigwa muhuri wa Waziri kwa heshima ya ushindi. Na sheria yetu ya ramani iko wazi: yenye muhuri mpya inafuta zote zilizotangulia. Hakuna aliyekusudia. Aliyeshika muhuri alishika muhuri, akapiga.

Mhandisi wa maji alipopeleka mitambo Kihuro kuanza hivyo visima, alirudi baada ya siku mbili na mitambo yake.

"Siwezi," akanieleza pale masijala, akiomba maji ya kunywa. "Ramani inaonyesha visima vipo tayari. Nikichimba palipo na kisima, wakaguzi watauliza nimechimba nini."

"Lakini ulipofika uliona kisima?"

"Niliona kichaka, dada yangu. Ila kichaka hakina muhuri."

Zahanati hazikujengwa, kwa sababu zilikuwepo. Askari hawakutoka shuleni, kwa sababu walikwishatoka. Na Jumatatu moja nikapewa waraka niuchape nakala hamsini. Ulisema hivi: kwa kuwa vitongoji vyote vya Kihuro vimetulia, kambi ya Changarawe itafungwa Ijumaa saa sita, na wakazi wake watarejeshwa makwao kwa malori, kuanzia na wale wa Ilundwe.

Nilichapa nakala moja, nikaziacha arobaini na tisa zichapwe na mwingine.

*

Nilikwenda kwa Bwana Ngereza bila miadi.

"Mzee, Ilundwe kuna mapigano. Wiki iliyopita nimepokea taarifa tatu za milipuko, nimezipiga namba mwenyewe."

"Nimeziona. Zimeandikwa kwa ramani ya zamani."

"Bwana Ngereza, ile ni gemu."

Alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, nataka lieleweke hilo. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu.

"Bi. Sikudhani, ilikuwa gemu kabla ya muhuri. Unataka nikamwambie Waziri kwamba hakushinda? Nani alishinda, basi?"

Ningesema ni mimi, ningefukuzwa kabla ya saa kumi, na mama angepakiwa kwenye lori Ijumaa ile ile.

"Mama yangu yumo," nikasema.

"Pole," akasema, na alimaanisha. Kisha akanipa ratiba ya Alhamisi niichape, maana Rais alikuwa anakuja kuangalia ushindi.

Nilikaa mbele ya ile ratiba kwa muda mrefu. Moja, wimbo wa taifa. Mbili, hotuba ya Waziri. Tatu, kuonyeshwa ramani. Nne, vitafunwa. Nikaifikiria ile desturi ya jeshi letu, kwamba mdogo hafanyi vizuri kuliko mkubwa, na Rais wetu ni Amiri Jeshi Mkuu. Nikavisogeza vitafunwa vikawa tano. Kwenye nne nikaandika: Mheshimiwa Rais kucheza.

Ratiba ilipita kwa watu tisa. Kila mmoja aliushangaa ule mstari, na hakuna aliyethubutu kukata mstari wenye neno Rais.

*

Rais alikaa kwenye kiti siku ya Alhamisi saa nne asubuhi. Alikataa kueleweshwa.

"Mimi naongoza nchi," alisema, "nitashindwa wilaya?"

Askari wote aliwaweka kuzunguka ikulu, ambayo haikuwemo hata kwenye ramani, ikabidi kompyuta imtafutie kijumba. Visima aliviuza. Kile kipimo pembeni kilipoanza kushuka aliuliza kama chaja ipo. Dakika ya nne kioo kiliandika UMEJARIBU, AFANDE, na Kihuro yote ilikuwa nyekundu.

Niliweza kusikia sambusa zikipoa.

Rais alimgeukia Mheshimiwa Malulu polepole. "Na wewe, nasikia uliimaliza hii?"

Nimewaona watu wakiogopa, lakini kuona jenerali akitafuta pa kujificha ndani ya suti yake, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Mheshimiwa Rais, kuna makosa ya uchapaji," alisema. "Mimi nilishindwa. Nilishindwa vibaya sana. Dakika tatu tu."

"Mbili na nusu," akadakia Bwana Ngereza.

"Mbili na nusu!" akasema Mheshimiwa kwa shukrani.

Rais akafurahi, akala sambusa mbili. Kabla ya saa saba kitabu kilikuwa kimekusanywa, ramani ya kijani imefutwa, ramani nyekundu ya Rais imepigwa muhuri mahali pake, na waraka wa kufunga kambi umebatilishwa kana kwamba haujawahi kuandikwa. Hati ya kubatilisha niliichapa mimi. Sijawahi kuchapa kitu haraka namna ile. Nilimpigia mama simu nikiwa nimesimama.

"Shikamoo mama! Msipande malori. Imefutwa, mnabaki!"

"Marahaba. Tunabaki wapi?"

"Hapo Changarawe."

Kulikuwa na upepo mwingi kwenye simu.

"Mwanangu, sisi tuko Ilundwe tangu jana. Mkuu wa kambi alisema Ijumaa ni mbali, anataka awe wa kwanza kutekeleza. Wametushusha, wakaondoka. Pamepoa kweli, hakuna mtu. Hakuna hata nyumba."

*

Nilikimbia kwa Bwana Ngereza kuomba malori ya kuwarudisha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Waraka umebatilishwa," akasema. "Maana yake hakuna aliyepelekwa. Nitatumaje lori likachukue watu ambao hawakupelekwa?"

"Wako mia mbili na kumi na wanne, mzee. Nimeongea na mama yangu sasa hivi kwa simu, yuko nao!"

"Na kuna jingine." Alisogeza karatasi kwa ncha ya kidole. "Ilundwe sasa ni nyekundu. Kuanzia leo yeyote atakayeonekana anatoka huko ni mkorofi wa muda. Anakamatwa."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya kwa ratiba yangu ya vitafunwa. Sikulia safari hii. Nilijaza fomu ya likizo, nikaweka sababu "binafsi", nikajiidhinishia mwenyewe kwa sababu msimamizi alikuwa bado anakula sambusa zilizobaki.

Kwa basi ni siku moja na nusu. Kilomita kumi na mbili kabla ya Ilundwe kuna daraja, na kwenye daraja kuna kizuizi cha jeshi, na kwenye kizuizi nilimkuta koplo mmoja mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, ana meza, daftari na kalamu.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Ilundwe, kwa mama yangu."

Alifungua karatasi yake. "Ilundwe hakuna mtu."

"Najua. Nakwenda hivyo hivyo."

Alifikiri sana. Hakukuwa na amri inayokataza kumtembelea mtu asiyekuwepo. Akainua mti wa kizuizi.

Niliwakuta chini ya mabati matatu na matawi. Mama alinipokea begi kwanza, ndipo akanikumbatia. Asubuhi ile mzee Kasiani, jirani yetu wa hema la pili, alikuwa amekwenda mtoni kutafuta maji akakanyaga bomu la kutegwa. Tulimzika kwa jembe moja, tukipokezana. Nilipanda mahali penye mtandao nikampigia Bwana Ngereza, nikamwomba angalau aandike jina la marehemu. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuliko mimi, "Nitamwandikaje kafia mahali ambapo hakuwepo?" Nikakata simu.

Jioni milio ilisikika upande wa mlima, ikawa inakaribia. Hatukupiga kura. Kulipopambazuka tulifunga mizigo, tukaanza kutembea kurudi tulikotoka, wazee mbele ili tusiwaache nyuma, watoto migongoni.

Koplo alituona tukiwa mbali. Alisimama. Nilimwona anahesabu kwa midomo, na mkono wake ukaenda kwenye bunduki, ukarudi. Tulipofika alikwishainua mti wa kizuizi, naye ametugeuzia mgongo, anautazama mto kwa makini sana. Tukapita. Hakuna aliyesema neno, hata watoto wachanga sijui nani aliwaambia. Tulipita nusu saa nzima nyuma ya mgongo wa mtu yule.

Mama alikuwa wa mwisho, mkono mmoja sufuria. Daftari lilikuwa wazi juu ya meza, na mama anajua kusoma. Ukurasa wa siku ile ulikwishaandikwa: hakuna aliyepita. Akasimama.

"Mwanangu," akamwambia koplo, "sisi ni mia mbili na kumi na watatu, bila huyu binti yangu. Tulikwenda mia mbili na kumi na wanne. Mmoja tumemwacha kule, anaitwa Kasiani Lubuva. Andika."

"Mama, twende," nikasema.

Koplo aligeuka. Alikuwa kijana wa watu tu, na alikuwa analia.

"Mama yangu, nikiandika mmetoka kule, itabidi niwakamate wote."

Mama alilitazama lile daftari. Alilitazama muda mrefu hadi nikaogopa. Halafu akaichukua kalamu mwenyewe, akaishika kidogo, akairudisha mezani, akaniambia nimshike mkono kwa sababu magoti yanamuuma.